Umechimbua kitu cha metali usichokijua? Mwongozo kamili wa kukitambua

Detekta ya metali imelia, umechimba, na sasa mbele yako kuna kipande cha metali kilichogandamana na udongo, hakifanani na chochote unachokijua. Wengi hapo hapo hukipa jina: hii ni ncha ya mkuki, hii ilitoka kwenye meli ya vita. Tatizo ni kwamba jina likishatamkwa, kila alama utakayoiona baadaye utaivuta ikubaliane nalo, na isiyokubaliana utasema ni kutu tu. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Utaanza na metali yenyewe, ufuate namna kilivyotengenezwa, kisha kazi kiliyofanya, kisha umri. Jina linakuja mwisho, na mara nyingi litakuwa la kitu cha kawaida kabisa: kipuri cha mashine, pambo la mkanda wa farasi, bawaba ya kasha, kipande cha jembe la kukokotwa.

Kabla hujakishika

Kikiwa bado shimoni, kitazame kwanza. Silinda nzito yenye mkanda wa shaba uliozunguka karibu na kitako, kitu chenye mapezi mkiani, ncha iliyofungwa kwa hesi (meno kama ya skrubu), au kitu cha ukubwa wa ngumi chenye mikato ya miraba mwili mzima: acha kuchimba hapo hapo. Ule mkanda wa shaba huwekwa ili uume mifereji iliyo ndani ya mtutu na kulizungusha kombora. Kwa hiyo ukiona mkanda una mikwaruzo ya mshazari iliyojipanga sawasawa, kombora lilishafyatuliwa, na kama bado ni zima, huenda liligoma kulipuka. Hilo ndilo la kuogopwa kuliko yote.

Usijidanganye kwamba miaka mingi imeliua. Baadhi ya makombora ya Vita Kuu ya Kwanza yalijazwa asidi ya pikiriki, ambayo ikikaa pamoja na metali huzaa chumvi zinazoweza kulipuka kwa msuguano mdogo tu. Usilisogeze, usilimwagie maji, usilipeleke nyumbani. Weka alama, rudi kwa njia uliyojia, pigia polisi simu ukiwa mbali.

Hatari nyingine ni ya kimya. Saa, dira na mita za ndege za nusu ya kwanza ya karne ya 20 mara nyingi zilipakwa rangi ya radiamu ili zisomeke gizani. Rangi hiyo siku hizi haing'ai tena, lakini radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Usifungue kioo wala usikwangue namba. Na ukishika kitu chenye unga mweupe wa risasi, ile metali nzito na laini, nawa mikono kabla ya kula.

Sheria nayo usiisubirishe hadi mwisho. Kuna nchi ambako kutafuta kwa detekta bila kibali ni kosa, na kuna nchi ambako kila kitu cha kale kilicho ardhini ni mali ya dola. Uingereza na Wales, kwa mfano, zinaongozwa na Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayompa aliyeokota siku 14 kutoa taarifa kwa afisa anayehusika. Jua sheria ya mahali ulipo, na uwe na ruhusa ya mwenye ardhi. Ukikuta mifupa ya binadamu, au vitu vingi vilivyopangwa pamoja, simama na uwaite wenye mamlaka, kwa sababu mpangilio ule ukishavurugwa haurudi.

Shimo nalo lina maelezo

Piga picha shimo, andika kina, na hifadhi mahali kwenye simu. Kisha pitisha detekta tena ndani ya shimo na kwenye udongo uliotoa. Nusu ya pili ya kitu kilichovunjika mara nyingi iko pale pale, na ndiyo inayobeba jibu.

Kina usikiamini sana. Jembe la trekta hupandisha cha zamani na kushusha kipya, na minyoo huendelea kuzamisha vitu polepole. Majirani wa kitu ndio wa kuaminika zaidi. Kipande cha ajabu kilichozungukwa na misumari ya farasi na bizimu kinakuambia jambo moja. Kilichozungukwa na vipande vya kioo, mkaa na nati kinakuambia jingine.

Namba iliyoonekana kwenye skrini ya detekta nayo isikutie wazimu. Inategemea metali, ukubwa, umbo na jinsi kitu kilivyolala. Pete ya dhahabu na kifungulio cha kopo la soda huweza kutoa namba zinazokaribiana, na pete kubwa ya chuma huweza kulia kwa sauti ya juu ambayo ungeitarajia kwa fedha.

Usikisafishe bado

Vitu vingi huharibiwa na aliyevipata kuliko vilivyoharibiwa na ardhi. Siki, ndimu, brashi ya waya, mchanga, dawa ya kung'arishia: vyote weka kando. Ile ngozi ya kijani juu ya shaba ndiyo yenye maandishi na mapambo. Metali iliyo chini yake mara nyingi imeshaliwa. Ukiitoa, umefuta uso wa kitu.

Kwa shaba, fedha na risasi, tumia maji safi yasiyo na chumvi, ikiwezekana yaliyotoneshwa kutokana na mvuke, brashi laini na kijiti cha mbao kama cha kuchokolea meno. Kausha taratibu. Chuma usikiloweke. Ng'oa udongo uliolegea kwa kijiti, kikaushe, kiweke kwenye boksi lenye vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu. Kama kimetoka majini au kwenye tope zito, au kina mabaki ya mbao au ngozi, usikikaushe: kiache na unyevu wake ndani ya mfuko na umtafute mtaalamu wa uhifadhi.

Kuna watu wanaokimbilia kusafisha chuma kwa umeme. Njia hiyo ipo, lakini ni ya baada ya kutambua, wala si ya kabla yake, na kamwe usitumie kipande cha chuma kisichoshika kutu kama ncha chanya, maana maji yatajaa kromiamu yenye sumu.

Ni metali gani?

Anza na sumaku, na ni vizuri iwe ndogo yenye nguvu iliyofungwa kwenye uzi. Ikivutwa, una chuma au feleji. Nikeli nayo huvutwa, ila hutaiokota mara nyingi. Ikivutwa kidogo sana, huenda ni chuma kilichogeuka kutu hadi ndani. Isipovutwa, bado usikatae kila aina ya chuma, kwa sababu aina nyingi za chuma kisichoshika kutu hazivutwi. Jihadhari pia na sarafu za rangi ya shaba: nyingi za siku hizi ni chuma kilichochovywa, kwa hiyo sarafu ya "shaba" inayonata kwenye sumaku ni ya juzi.

Kisha tazama rangi ya kilichoota juu yake. Kijani ni shaba au mchanganyiko wake, yaani shaba njano na bronzi. Madoa ya kijani kibichi yenye unga yanayorudi kila ukiyapangusa ni ugonjwa wa bronzi, na kitu hicho kinahitaji kukaa pakavu haraka. Nyeupe ya kijivu juu ya kitu kizito kilicho laini ni risasi. Nyeupe ya unga juu ya kitu chepesi ni alumini. Fedha hutoka nyeusi au ya kijivu iliyokolea. Dhahabu hutoka kama ilivyozikwa.

Kipimo kinachomaliza ubishi mwingi ni densiti, yaani uzito ukigawanywa kwa ujazo, na hakihitaji maabara. Kipime kitu kikiwa kikavu. Halafu weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Kifunge kitu kwa uzi mwembamba, kizamishe chote bila kugusa kitako wala kuta za kikombe. Gramu utakazosoma ndizo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Sema kikavu kilikuwa na gramu 43.5, na ndani ya maji mizani ikasoma 5.1. Gawanya: 43.5 kwa 5.1 ni takriban 8.5. Hiyo ni shaba njano. Dhahabu ingekuwa 19.3, risasi 11.3, fedha 10.5, shaba nyekundu karibu 9, chuma 7.9, chuma cha kumimina karibu 7.2, stani 7.3, zinki 7.1, alumini 2.7. Kati ya shaba njano na dhahabu hakuna hata nafasi ya kubahatisha, ingawa kwa macho zimewadanganya wengi.

Kipimo hiki kina mitego yake. Viputo vya hewa na udongo uliojificha kwenye matundu hushusha namba. Kitu chenye moyo wa chuma na ganda la shaba kitakupa namba isiyo ya upande wowote. Na kwa kitu cha gramu 4 kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, usijisumbue: kosa la mizani ni kubwa mno kulingana na ujazo.

Kilitengenezwaje?

Chukua lenzi ya kukuza mara kumi na taa, uimulike kwa upande ili kila kijishimo kitupe kivuli. Kilichomiminwa kwenye kalibu kina mstari mwembamba wa mshono pembeni, vishimo vya viputo, na pengine kisiki pale metali ilipoingilia. Bati lililogongwa kwa mashine lina unene uleule kila mahali. Panapotokeza mbele, nyuma pamebonyea. Chuma cha kufuliwa na mhunzi wa zamani kikiliwa na kutu huachana nyuzi nyuzi kama mti uliooza. Chuma cha kumimina hakina nyuzi, na kikivunjika hukatika mara moja, kijivu na chenye punje. Mistari ya duara iliyopangana sawa ni ya mashine ya kukereza, lakini usiseme tu ni ya kisasa, kwani hata Warumi walikereza bronzi. Mistari inayopishana hovyo ni ya tupa. Mshono uliovimba wa kuchomelea kwa umeme kwa kawaida unakuweka karne ya 20 au baada yake.

Kama kina hesi, una bahati. Weka rula sambamba na mhimili, hesabu meno yaliyo ndani ya milimita 25.4. Yakitimia namba kamili, kwa mfano 12 au 16, huo ni mfumo wa inchi. Badala yake, meno kumi yakichukua milimita 10 au 15 sawasawa, ni mfumo wa metriki. Nafasi zikitofautiana kati ya jino na jino, kuna mtu aliyezikata kwa mkono, na hapo huenda uko kabla ya Joseph Whitworth kupendekeza kipimo kimoja cha hesi Uingereza mwaka 1841.

Kilifanya kazi gani?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko penginepo. Vitu vingi vya ajabu ni vya ajabu kwa sababu ni kipande cha kitu kikubwa zaidi ambacho mbao, ngozi au kitambaa chake kimeoza. Kazi yako ni kukijenga tena kile kilichopotea.

Chukua mfano huu. Una pambo la shaba njano la urefu wa kidole gumba. Mbele limebinuka kidogo kwa nje na ni laini. Nyuma halikupigwa tupa, na lina vijiti viwili vifupi, kila kimoja kimepondwa ncha juu ya kiwasha kidogo, yaani kisahani chenye tundu. Nyuma kutopigwa tupa kunakuambia hakukuwa kunaonekana, kwa hiyo lilibanwa juu ya kitu. Sasa pima nafasi kati ya mgongo wa pambo na kiwasha. Ikiwa ni milimita 4, kilichobanwa pale kilikuwa na unene wa milimita 4: mkanda mnene wa ngozi, wa aina ya hatamu au mikanda ya mnyama wa kukokota. Ingekuwa milimita moja, ungefikiria kitambaa au mkanda mwembamba wa kuvaa. Ingekuwa milimita 15 na vijiti vyenye ncha, ungefikiria ubao wa kasha. Pengo dogo lile, lisilo na kitu ndani yake, limekueleza zaidi kuliko umbo zima la mbele.

Fuata alama za msuguano. Pete iliyokuwa ikining'inia huliwa sehemu moja ya ndani, upande ilikobeba uzito. Bizimu huwa na kijifereji pale sindano ilipolala. Tundu la bawaba hugeuka yai. Kitu kilichoshikwa mkononi hulainika pembe mahali vidole vinapotua, na ukikishika vizuri utapahisi. Kisicho na msuguano popote huenda hakikuwahi kutumika, au hakikuwa na sehemu inayosogea.

Mahali pa kuvunjika nako kuna habari. Mvunjiko wenye kutu au ukijani sawa na mwili ni wa zamani. Unaong'aa ni wa jembe, au wa sururu yako. Jiulize nguvu ilitoka upande gani, na kwa nini kilivunjika pale hasa.

Kama una kipande cha ukingo wa duara, unaweza kupata ukubwa wa kitu kizima. Nyoosha mstari kutoka ncha hadi ncha ya upinde na uupime. Kisha pima kina cha upinde katikati ya mstari huo. Zidisha urefu wa mstari kwa wenyewe, gawanya kwa mara nane ya kina, ongeza nusu ya kina. Mstari wa milimita 60 na kina cha 6 vinakupa nusu kipenyo cha milimita 78, yaani duara la karibu sentimita 16. Sasa unene unasema lililobaki: kengele hunenepa sana karibu na mdomo wake, chombo cha kupikia kwa kawaida hakifanyi hivyo kwa kiasi hicho.

Maandishi yakionekana kinyume, kama kwenye kioo, shika udongo wa mfinyanzi au nta laini na ukibonyeze taratibu. Pengine una mhuri.

Na neno moja kuhusu matufe ya chuma, kwa kuwa yanasumbua sana. Tufe zito lililo duara kamili, bila mshono wala tundu, huitwa risasi ya mzinga na karibu kila anayeliokota, wakati viwanda na migodi hutumia matufe kama hayo kwa maelfu kusagia mawe. Lenye tundu au kizibo ni jambo lingine kabisa: huenda lina baruti ndani, kwa hiyo rudi kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu.

Alama, namba na tarehe

Weka karatasi nyembamba juu ya alama na usugue kwa penseli laini. Mara nyingi herufi zisizoonekana kwa macho hutokea kwenye karatasi. Namba 925 au 800 huashiria fedha, 375, 585 na 750 huashiria dhahabu, kila moja ikiwa sehemu kwa elfu. EPNS ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliochovywa fedha kwa umeme, mbinu iliyoanza kuuzwa na akina Elkington wa Birmingham mwaka 1840. Alama ya almasi yenye herufi pembeni ni ya usajili wa miundo Uingereza kati ya 1842 na 1883. Mshale mpana wa mistari mitatu ulikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Namba zilizotokeza juu ya chuma cha kumimina karibu kila mara ni namba ya kipuri: ziandike kwenye kitafutio kama zilivyo, pamoja na neno la mashine unayoishuku.

Mwaka ulioandikwa haukuambii umri. Sarafu ya fedha iitwayo thaler ya Maria Theresa ina mwaka 1780, lakini imeendelea kupigwa kwa mwaka huo huo karne mbili baadaye. Mwaka wa hataza nao ni wa mwanzo tu. Bidhaa yenyewe huenda ilitengenezwa miongo kadhaa baada yake.

Njia salama zaidi ya umri ni kutafuta mpaka wa chini, yaani kitu hakiwezi kuwa cha kabla ya lini. Alumini ilianza kuwa rahisi kupatikana baada ya mbinu ya Hall na Héroult ya kuizalisha kwa umeme, ya 1886. Chuma kisichoshika kutu kinahusishwa na Harry Brearley wa Sheffield, 1913. Skrubu ya kichwa cha msalaba ilienea kuanzia miaka ya 1930. Kitu kizima hakizidi umri wa sehemu yake changa kuliko zote, isipokuwa kama sehemu hiyo ni ya matengenezo.

Sasa tafuta jina

Sasa una maelezo: shaba njano ya kumiminwa, milimita 62, gramu 43.5, nyuma haikupigwa tupa, ilibana ngozi ya milimita 4. Tafuta kwa maneno hayo kabla ya kutafuta kwa picha. Utafutaji wa picha haujui ukubwa. Utakuletea ndoano ya meli ilhali una kibanio cha taa. Hifadhidata ya Portable Antiquities Scheme, mpango wa Uingereza na Wales wa kurekodi vitu vya kale vinavyookotwa na watu, ni ya bure na ina vitu zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa na picha na vipimo. Hata kama uko mbali na huko, itakufundisha macho.

Ukiuliza watu, wape picha ya mbele, nyuma, upande na mvunjiko, rula ikiwa ndani ya picha, pamoja na uzito, matokeo ya sumaku na majirani wa shimoni. Usiandike unachodhani ni nini. Na usiwaulize wanaakiolojia peke yao. Fundi bomba mzee, mkulima aliyelima kwa maksai, fundi cherehani wa ngozi na mhunzi hutegua vitendawili ambavyo mabingwa wa vitabu wamevishindwa, kwa sababu wao waliwahi kukishika kitu chenyewe kikiwa kazini.

Kipimo cha mionzi ya eksirei kinachoonyesha metali kwa asilimia kinafaa, lakini husoma tabaka la juu tu. Kwenye kitu kilichochovywa au kilicholiwa na udongo, kitakupa majibu ya ngozi, si ya mwili.

Majibu yakigongana, lipe uzito lile linaloeleza kila alama, pamoja na ile ndogo inayokera: kijishimo kisichohitajika, upande mmoja ulioliwa, kijiti kilichopinda. Ikibaki hata alama moja isiyoelezeka, kiwekee kitu lebo yenye metali, vipimo, mahali na tarehe, na mbele ya jina unaloliegemea andika "huenda".